Barua ya Mwalimu: Historia Fupi ya Mapendekezo, Kutoka Kipande hadi Bwera

Msimu wa barua ukifika hauhitaji kalenda. Matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa, mbele ya ofisi za wakuu wa shule huko Kasese na Bwera hujipanga vijana pamoja na wazazi wao, wengine wameteremka kutoka milimani kwa boda boda tangu alfajiri, kila mmoja akiomba kitu kimoja: karatasi yenye jina lake, sifa zake na muhuri. Kwetu idarani huja wale waliokwisha kuwa walimu ambao sasa wanataka kuendelea na shahada. Nao wanafunzi wetu tunaowapeleka sehemu hizo kwa mazoezi ya kufundisha hurudi na maswali mawili: Mwalimu, barua hii huandikwaje, na ni nani hasa mwenye haki ya kuiandika?

Swali la kwanza limo katika vitabu vyote vya insha. Swali la pili halimo, na ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kwa maoni yetu, historia ya barua ya mapendekezo katika Afrika Mashariki si historia ya ufundi wa kuandika hata kidogo. Ni historia ya nani anatambuliwa kuwa shahidi wa mtoto wa mwenzake.

Tuanze na maneno, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yetu. Neno barua lilitujia kutoka Kiarabu, ambako lilihusu hati ya kumwondolea mtu dai au kumpa ruhusa. Cheti kilitoka Bara Hindi. Dhamana na mdhamini ni Kiarabu tena, maneno ya sokoni na mahakamani: mdhamini ni yule ambaye mdaiwa akitoroka yeye hulipa. Kupendekeza ni letu wenyewe, kutokana na penda, pendeka, pendekeza, yaani kukifanya kitu kipendeke machoni pa mwingine. Wanafunzi wetu hutumia mdhamini na mpendekezaji kana kwamba ni mtu mmoja. Si mmoja. Mpendekezaji husifu, mdhamini hujifunga. Taasisi inayoomba barua hudhani inapata mdhamini, na mara nyingi hupelekewa mpendekezaji.

Halafu kuna kibarua. Kwa umbo lake ni barua ndogo tu, lakini kila msomaji anajua kwamba leo maana yake ni kazi ya kutwa na pia mtu anayeifanya. Maana hiyo ilitokana na kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi kuthibitisha siku aliyofanya kazi, ili alipwe. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 na shaba ya Kilembe ikaanza kuchimbwa, watu wa lugha nyingi walikusanyika chini ya Rwenzori, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha za kuelewana. Neno hilo walilijua vizuri. Karatasi ndogo iliyotiwa saini na mkubwa ndiyo iliyotenganisha mshahara na mikono mitupu.

Karatasi ya namna hiyo ilikuwa na ndugu yake mkali zaidi nchini Kenya. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume alitakiwa kubeba kipande, ambacho wengi walikitia ndani ya kijaluba cha bati na kukining'iniza shingoni. Ndani yake mwajiri aliandika tarehe ya kuajiri, mshahara na tarehe ya kumwachia mtu huru. Asiyeandikiwa kwamba ameachiwa hakuweza kuajiriwa kwingine. Mfumo huo ulifutwa mwaka 1947. Tunautaja hapa kwa sababu wazazi wa kizazi kile walijifunza kutoka kwake jambo moja ambalo halikusahaulika: neno la mtu mwingine, likiandikwa, laweza kuwa na uzito kuliko mwili wako wewe mwenyewe uliosimama mlangoni.

Shuleni mambo yalikuwa ya upole kidogo. Makerere ilianzishwa mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, na kwa miaka mingi idadi ya shule zilizoweza kupeleka wanafunzi huko ilihesabika kwa vidole. Mkuu wa shule alikuwa akimjua kijana wake, chuo kilikuwa kikimjua mkuu wa shule, na barua kati yao ilikuwa mazungumzo ya watu wanaofahamiana. Mfano unaojulikana sana ni wa Julius Nyerere. Baada ya Makerere alifundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora, na aliyemsaidia kupata nafasi na ufadhili wa kwenda Edinburgh mwaka 1949 ni Padri Richard Walsh, aliyekuwa naye hapo hapo shuleni. Padri hakusoma sifa za Nyerere katika faili. Alikuwa amemwona akifundisha.

Mfano wa pili unatoka Nairobi. Mwaka 1959 Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani walipeleka wanafunzi 81 kwa ndege moja, safari iliyofungua mlango kwa mamia wengine miaka iliyofuata. Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa rais, hakupanda ndege hiyo ingawa aliondoka mwaka huo huo kwenda Hawaii. Alikuwa ameacha shule ya Maseno kabla ya kumaliza, kwa hiyo hakuwa na mkuu wa shule wa kumsemea. Aliyemsemea ni Elizabeth Mooney, mwalimu Mmarekani wa elimu ya watu wazima, ambaye Obama alikuwa akifanya kazi ofisini kwake. Aliandika barua kwa niaba yake, na akachangia hata gharama zake. Huyo ndiye mdhamini kwa maana ya sokoni!

Lakini tusidhani kwamba huko ng'ambo barua hii ilizaliwa kwa ajili ya huruma. Miaka ile ile ya 1920, wakati Makerere ikipiga matofali yake ya kwanza, vyuo vikuu vya Harvard, Yale na Princeton viliona kwamba mitihani peke yake inawaingiza vijana wengi wa Kiyahudi kuliko walivyotaka wenyewe. Wakaanza kudai picha, mahojiano, maelezo ya ukoo, na barua kuhusu tabia ya mwombaji. Tabia haipimwi kwa alama, na hapo ndipo mlango ulipoweza kufungwa bila kelele. Kwa hiyo kifaa kile kile kilichomwinua kijana wa Nairobi mwaka 1959 kilikuwa kimetumika kuwazuia vijana wa New York miaka thelathini na zaidi kabla yake.

Sasa turudi Rwenzori, kwa kuwa milima hii imeonja pande zote mbili za kifaa hicho.

Chini ya Mkataba wa Toro wa mwaka 1900, Wakonzo na Waamba waliwekwa chini ya ufalme wa Toro. Machifu walitoka Toro, na lugha ya darasani na kanisani ikawa Kitoro. Shule zilikuwa chache, na waliogawa nafasi za masomo na misaada ya karo walikuwa maofisa wa ufalme. Wazee husimulia, na wanahistoria wameandika, kwamba watoto wa Kikonzo walioingia shuleni walificha majina yao na kujiita kwa majina ya Kitoro ili wapite. Msomaji afikirie barua ya mapendekezo katika hali hiyo. Mwalimu anamsifu mtoto kwa uaminifu, na neno la kwanza la barua yenyewe, yaani jina la mtoto, si la kweli.

Timothy Bazarrabusa ni kielelezo kizuri cha zama zile. Alikuwa Mkonzo, mwalimu na msimamizi wa shule, na baada ya uhuru akawa balozi wa Uganda mjini London, ambako alifariki mwaka 1966. Sisi watu wa lugha tunamkumbuka pia kama mwandishi, na riwaya yake inayojulikana zaidi aliiandika kwa Kitoro, lugha ya shule yake, si kwa Lhukonzo, lugha ya mama yake. Hatumlaumu hata kidogo. Angeandika kwa Lhukonzo nani angechapisha?

Mwalimu mwingine wa milima hiyo alichagua njia tofauti. Isaya Mukirania alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka 1954 alianzisha chama cha kuchunguza historia na maisha ya Wakonzo. Ulikuwa utafiti kwanza, siasa baadaye. Kufikia mwaka 1962 yeye na wenzake walikuwa wakidai wilaya yao katika baraza la Toro, na miongoni mwa malalamiko yao elimu na misaada ya masomo vilikuwa mbele kabisa. Tume ya Dkt. Sembeguya iliyoundwa mwaka huo ilisikiliza, lakini haikuunga mkono wilaya ya peke yao. Rwenzururu ikaingia msituni, ikakaa huko miaka ishirini. Kasese ilikuja kupata wilaya yake wakati wa Idi Amin, mwaka 1974. Hatusemi kwamba vita vile vilisababishwa na barua za shule. Hiyo itakuwa kuchekesha. Ila ukisoma madai ya watu wale, utaona wakiuliza swali lile la wanafunzi wetu: ni nani mwenye haki ya kutusemea?

Mapatano ya mwaka 1982 nayo yana funzo la ajabu. Charles Wesley Mumbere, mwana wa Mukirania, aliteremka kutoka mlimani, na mwaka 1984 akaenda Marekani kusoma kwa gharama ya serikali. Nafasi ya masomo ilitolewa kama sehemu ya amani. Fedha hizo zilipokoma, alijitafutia riziki kwa kuhudumia wazee na wagonjwa, mwisho akiwa Pennsylvania, hadi aliporejea na ufalme wake kutambuliwa na serikali mwaka 2009.

Kwa upande wa vyuo, baada ya uhuru barua ya mwalimu ilipungua nguvu nchini Uganda. Mitihani ya taifa na bodi ya pamoja ya udahili wa vyuo vya serikali ziliweka alama mbele ya kila kitu. Mkuu wa shule aliendelea kuandika hati ya tabia kwa kila anayemaliza, lakini wengi wenu mnaijua hati hiyo: mtiifu, mchapakazi, anashirikiana na wenzake. Shule nzima ya watoto mia mbili, wote watiifu. Kuna shule ambazo maneno huwa yamepigwa chapa tayari na kuachwa nafasi ya jina tu. Hatuwacheki walimu hao, kwani mwenye wanafunzi mia mbili na mshahara wa mwalimu hawezi kuandika barua mia mbili tofauti. Lakini karatasi ya namna hiyo haimtambulishi mtu.

Kisha mwaka 2005 barua ikafufuka kwa mlango mwingine. Serikali, ambayo hufadhili wanafunzi wapya takriban 4,000 kwa mwaka katika vyuo vikuu vya umma, ilianza kutenga sehemu ya nafasi hizo, kiasi cha robo, kwa njia maalumu, na nyingi kati ya hizo zikagawanywa kwa wilaya. Nia ilikuwa njema: mtoto aliyesomea Bwera bila maabara asishindanishwe moja kwa moja na mwenzake wa shule kubwa za Kampala. Lakini mgawo wa wilaya hudai kuthibitisha kwamba wewe ni wa wilaya hiyo, na uthibitisho ni barua. Malalamiko yalisikika mapema, na si Kasese peke yake, kwamba watoto waliosoma na kukulia mjini walikuwa wakirudi kwao siku ya kujaza fomu tu, huku saini za nyumbani zikiwasubiri.

Anayesaini wa kwanza, kama ilivyo kwa kila jambo Uganda, ni mwenyekiti wa kijiji, yule wa LC I. Hapa historia ilifanya mzaha. Wenyeviti hao walichaguliwa mwaka 2001. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mabaraza ya vijiji yaliyochaguliwa chini ya mfumo wa zamani usio wa vyama hayakuwa halali tena. Uchaguzi mwingine haukufanyika hadi Julai 2018. Kwa miaka kumi na moja, basi, taifa zima liliendelea kuombea pasipoti, mikopo na nafasi za chuo kwa barua za watu ambao mahakama ilikuwa imesema hawana cheo. Na barua zilipokelewa! Waliopokea walijua kwamba hakuna mwingine anayemfahamu jirani wa Baluku isipokuwa jirani wa Baluku.

Tumemtaja Baluku kwa makusudi. Wakonzo huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo darasa moja la Bwera laweza kuwa na akina Baluku watatu, akina Bwambale wanne na akina Biira watano, bila undugu wowote wa karibu kati yao. Ukiandika kwamba Bwambale ni hodari wa fasihi, hujasema kitu mpaka useme Bwambale yupi. Tena ng'ambo ya mpaka, hatua chache kutoka soko la Mpondwe, wanaishi Wanande wa Kongo, ambao ni watu wa lugha na mila moja na Wakonzo. Majina yao ni yale yale yakiwa na kiambishi tofauti: Bwambale aghalabu huwa Kambale, Masereka huwa Kasereka, Kule huwa Kakule, Thembo huwa Katembo.

Wenzetu wa mofolojia watafurahia mfano huu, ila mwenye jina hafurahi. Katiba ya mwaka 1995 inawataja Wakonzo miongoni mwa jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, lakini ofisa wa mbali hasomi jedwali la Katiba, anasoma jina. Mtoto aliyezaliwa Bwera, ambaye bibi yake wa upande wa pili alimwita Kasereka na jina likaganda mpaka kwenye daftari la shule, anaweza kuulizwa yeye ni wa nchi gani siku anapoomba nafasi ya wilaya. Silabi moja! Mwalimu aliyemfundisha tangu darasa la kwanza ndiye anayeweza kuandika kwamba Kasereka huyu na Masereka wa cheti cha ubatizo ni mtoto mmoja, kwamba anamjua baba yake, na kwamba nyumba yao iko mahali fulani. Barua hiyo haina sifa hata moja ndani yake. Hata hivyo, kwa mtoto huyo ina thamani kuliko utiifu wote wa ile hati ya tabia.

Maafa pia yameongeza uzito wake. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, maji yalipita katika nyumba na shule za Kilembe na Kasese, na karatasi haziogelei. Juni 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe ilishambuliwa usiku na waasi wa ADF, na watu zaidi ya 40 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Kijana anayeondolewa ghafla mahali kama hapo na kupelekwa shule nyingine huenda hana chochote mkononi. Anachobaki nacho ni mwalimu anayekumbuka alikuwa akikaa dawati gani.

Ndiyo maana tunapowafundisha wanafunzi wetu kuandika barua hizi huwa tunawakataza kuanza na sifa. Waanze na yale waliyoyaona wenyewe: nimemfundisha nani, wapi, miaka mingapi, somo gani. Kisha wataje jambo moja alilolifanya mbele ya macho yao. Mmoja wao, akiwa mazoezini karibu na Bwera, aliandika kuhusu msichana ambaye siku za soko alikuwa akiwatafsiria wachuuzi Kiswahili cha Kongo na Kiswahili cha kitabuni, kisha Jumatatu akawaeleza wenzake darasani tofauti zake. Sentensi mbili tu. Aliyesoma barua ile hakuhitaji kuambiwa kwamba msichana ana kipaji cha lugha. Aidha huwa tunawahimiza waweke nakala katika daftari lao, maana mwombaji hurudi mwaka wa pili, na mwalimu huwa amehamishwa.

Wako wanaouliza kama barua hizi zaweza kuandikwa kwa Kiswahili, ambacho kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Kwenda vyuo vya Tanzania, bila shaka. Kwenda ofisi za hapa kwetu, Kiingereza bado kimeshika kiti, na hatungependa mtoto wa mtu apoteze nafasi kwa ajili ya msimamo wetu sisi. Wafadhili wa kimataifa nao wana taratibu zao. Vyuo vya Marekani hupendelea barua ambayo mwombaji mwenyewe hajaisoma, na Uingereza, kwa waombaji wa kuanzia masomo mwaka 2024, waliacha barua ndefu ya mwalimu wakaweka sehemu tatu fupi za kujaza. Mwalimu wa Kasese aliyezoea kumkabidhi mzazi bahasha iliyo wazi hushangaa kuambiwa aifunge.

La mwisho linatuhusu sisi walimu wenyewe. Sera ya Kitaifa ya Walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada, hata wa shule ya msingi. Chuo cha Ualimu cha Bwera kwa miaka mingi kilitoa walimu wa cheti, nao ndio waliojaza shule za milimani. Sasa wanawasili idarani, wengine wana mvi, wakiwa na barua kutoka kwa wakuu wa shule ambao waliwahi kuwafundisha kusoma na kuandika. Mmoja alituonyesha yake mwaka jana. Mkuu wake wa shule alikuwa ameandika kwamba anamfahamu mwombaji tangu akiwa mtoto, kwa sababu mwombaji ndiye aliyemwandikia yeye barua ya kwenda sekondari.